Gugu Usilolijua Bustanini: Namna ya Kulitambua na Kulidhibiti Kwenye Miteremko ya Bukavu

Ilikuwa mwezi wa 11, mvua imekolea, nilipoona kwenye kitanda changu cha shu (kabichi) majani ambayo sikuyapanda. Yalipendeza macho: vijani vitatu vitatu juu ya kikonyo chembamba, kila kijani umbo la mkia wa samaki, na katikati vimaua vya rangi ya waridi. Nilishika jembe nikalima kitanda chote. Wiki 3 baadaye, pale palipokuwa na mimea kumi hivi, palikuwa na zulia. Nikaanza kulima tena. Mama mmoja jirani, mzaliwa wa Kabare ambaye amelima tangu utoto wake, alikuwa anapita na bido yake ya maji. Akasimama penye ua, akasema: «Papa, acha jembe kwanza. Ile haulimi, unaipanda.»

Akaingia. Akachimbua mmea mmoja kwa kijiti, taratibu, akausuuza kwa maji yake mwenyewe, akaniwekea kiganjani. Chini ya majani kulikuwa na kitunguu kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi, kimevaa maganda ya kahawia. Kutoka kwenye kitunguu zilitoka nyuzi nyeupe, laini, na kwenye ncha ya kila uzi kulikuwa na kitunguu kingine kidogo zaidi, mithili ya punje ya mchele. Nilihesabu 11 kwenye mmea ule mmoja. Kila pigo la jembe langu lilikuwa limekata nyuzi hizo na kuvitawanya vitunguu kitanda kizima.

Tangu siku ile, kwa kila gugu nisilolijua, naanza na maswali mawili: chini ya udongo lina nini, na linazaana kwa njia gani? Jina ni la muhimu na nitaeleza jinsi ya kulipata, lakini linaweza kusubiri wiki moja. Majibu ya maswali hayo mawili hayasubiri, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama jembe litakusaidia au litakuongezea kazi.

Siku ya kwanza: tazama tu

Chomeka vijiti vinne kuzunguka mahali ulipoliona gugu, na uwaambie watu wa nyumbani wasilime pale. Watoto wanaosaidia kupalilia hawana kosa wakilifyeka. Wanataka kazi iishe. Kijiti kinawakumbusha.

Kisha simama hatua chache nyuma uangalie limeota wapi, maana mahali lilipo panaeleza lilikotoka. Sisi wa Bukavu tunalima kwenye miteremko, na mbegu nyingi hutufikia na maji. Ukiona mimea imejipanga ukingo wa juu wa parsele, au imefuata njia ambayo maji hupita mvua ikinyesha, basi imeshuka kutoka kwa jirani wa juu. Ikiwa iko kando ya kijia, imeletwa na viatu, mbuzi au nguo. Ikiwa imezunguka mashina ya miche uliyonunua, ilikuja na udongo wa kitaluni. Yangu ilikuwa imechora mstari palepale nilipomwaga gunia la mbolea ya ng'ombe nililonunua mwanzoni mwa sezoni A, msimu wa kilimo unaoanza na mvua za mwezi wa 9. Bila kutambua hilo ningelipalilia miaka nikiwa naongeza mbolea ileile.

Angalia pia kama kweli ni adui. Mara nyingi mtu mgeni kwenye kilimo hung'oa lengalenga iliyojiotea, au mnavu, akatupa mboga ya jioni. Hata ile mimea midogo yenye maua madogo ya kitovu cha njano na petali tano nyeupe, inayojaa kwenye maharagi yetu kila sezoni (kisayansi ni Galinsoga parviflora), asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na Wakolombia hutia majani yake kwenye supu yao ya kuku na viazi. Mimi siili, lakini kujua hivyo kumenifanya nisiiogope.

Chimba mmoja mzima

Usivute kwa mkono. Ukivuta, shina hukatika na sehemu yenye habari hubaki chini. Chukua jembe au panga kuukuu, kata udongo duara kuzunguka mmea, upana wa kiganja kila upande, kina cha sentimita 25 hivi, kisha nyanyua bonge zima. Liweke ndani ya beseni la maji uliache nusu saa. Udongo wetu mwekundu unanata. Ukiuharakisha utakata nyuzi. Ukishalainika, papasa kwa vidole huku unatikisa hadi mizizi ibaki peke yake. Maji hayo usiyamwage bustanini. Yachuje kwa kitambaa, uone kilichobaki.

Sasa utaona moja ya mambo haya. Mzizi mmoja mkuu wenye vinyweleo, au kishungi cha mizizi mifupi, bila kitu kingine: gugu la mbegu, kazi yako itakuwa nyepesi. Mashina marefu meupe yenye pingili, yanayotambaa chini ya ardhi na kutoa chipukizi kila pingili: nyasi ya kutambaa. Viazi vidogo vyeusi au vya kahawia vimefungamana kama shanga: ndago. Kitunguu chenye maganda: ile jamii iliyonisumbua mimi, Oxalis. Mashina ya juu yenye maji mengi ambayo yametoa mizizi kila yalipogusa udongo: jamii ya kongwe. Na ukikuta hakuna mzizi kabisa, bali nyuzi za njano au rangi ya machungwa zimejisokota kwenye mmea mwingine na kuunyonya, hiyo ni kaskuta. Kata mmea ulioibeba pamoja nayo, uchome siku hiyohiyo kabla haijatoa mbegu.

Usome kwa vidole

Bado una mmea besenini. Viringisha shina katikati ya kidole gumba na cha shahada. Likizunguka laini, ni la mviringo. Likigoma kwa pembe tatu, uko kwenye jamii ya ndago, hata kama kwa macho linafanana na nyasi. Kosa hili ni la kila siku, na ni ghali, kwa kuwa dawa na mbinu za nyasi haziiwezi ndago. Shina la pembe nne lenye majani yanayonukia ukiyafikicha mara nyingi ni jamaa ya mnanaa na mrehani.

Angalia majani yameshikaje shina: yametazamana mawili mawili, au yamepishana moja kushoto moja kulia? Ukingo wake ni laini au una meno? Vunja kikonyo kimoja uone utomvu. Ukiwa mweupe kama maziwa, osha mikono na usijiguse macho. Mimea mingi ya jamii ya mtupa ina utomvu unaochoma jicho vibaya.

Usionje. Najua wazee wengine hutambua mmea kwa ulimi, na watoto wa hapa hula majani ya Oxalis kwa ajili ya uchachu wake. Lakini kwenye majalala na viwanja vyetu huota pia Datura, ile yenye maua meupe ya umbo la tarumbeta na tunda lenye miiba. Mbegu na majani yake ni sumu inayoweza kuua mtu. Kwa mmea usioujua, pua na vidole vinatosha.

Rudi tena jioni. Vijani vya Oxalis hujikunja kuelekea chini giza likiingia, kama mwavuli uliofungwa. Trifoli ya malisho, ambayo wengi huichanganya nayo, ina vijani vya mviringo kama yai, mara nyingi vyenye alama nyeupe iliyopinda, wala haina kitunguu.

Picha, gazeti, na watu wa kuuliza

Piga picha nne, si moja: mmea mzima ukiwa ardhini, jani kwa karibu, ua kwa karibu, na mizizi iliyooshwa. Weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Piga asubuhi au kukiwa na mawingu. Jua la saa sita hufuta rangi.

Kwa mwenye simu yenye intaneti, programu ya Pl@ntNet, iliyotengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, haitozi pesa na inafanya kazi vizuri ukiipa picha ya ua. Itakuletea majina kadhaa pamoja na kiwango cha uhakika. Usichukue jina la kwanza na kwenda nalo. Linganisha picha zake na mizizi iliyo mbele yako: kama inakuambia trifoli na wewe umeshika kitunguu, basi imekosea. Kwa majani peke yake hukosea mara nyingi zaidi.

Kama bado hujaridhika, kausha mmea. Utandaze ndani ya gazeti, ukunjue jani moja lionekane upande wa chini, funika kwa magazeti mengine, weka mawe mazito juu. Hapa kwetu hewa ina unyevu, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku kwa siku 5 za mwanzo, la sivyo utaota ukungu. Andika kando yake tarehe, mtaa, urefu wa mmea, na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupotea. Mmea uliokaushwa hivyo unaweza kuupeleka kwenye vitivo vya kilimo vya Chuo Kikuu cha Kiinjili (UEA) au Chuo Kikuu Katoliki (UCB) hapa mjini. Nje kidogo, upande wa Kabare, kuna kituo cha INERA cha Mulungu kinachoshughulika na kilimo, na kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanza enzi za Wabelgiji kwa jina la IRSAC, ambacho kina mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa.

Ila kabla ya hao wote, uliza mama anayelima. Uliza kwa Mashi, lugha ya Washi, kama unaijua, maana majina mengi ya mimea yako katika Mashi na hayajaingia katika Kiswahili. Na usimuulize tu «inaitwa nini?» Muulize: «Mama, mliimalizaje?»

Jaribio la makopo

Hili linachukua wiki 3 na linafaa kwa gugu ambalo umelichimba lakini hujui lina nguvu wapi. Chukua makopo matatu ya maziwa ya unga, toboa chini, jaza udongo safi. La kwanza zika kipande cha mzizi. La pili zika kipande cha shina chenye pingili mbili. La tatu zika kitunguu au kiazi, kama kipo. Kama hakipo, mwaga mbegu. Mwagilia, weka barazani mbali na bustani. Kopo litakalochipua litakuonyesha sehemu ambayo hutakiwi kuiacha ardhini. Ukimaliza, mwaga udongo wa makopo kwenye moto, si kwenye mfereji.

Magugu ya mbegu

Hapa wako Galinsoga, kishona nguo (ile inayonasa kwenye suruali kwa vijiti vyeusi vyenye vimiba; kisayansi Bidens pilosa), na wengine wengi. Siri yao ni wakati. Galinsoga huchanua wiki chache tu baada ya kuchipua, na mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ambazo zinaweza kuota hapohapo bila kupumzika. Kwa hiyo palizi ya kwanza ya maharagi isipite wiki 2 au 3 tangu yatokeze, na ya pili iwe kabla maharagi hayajachanua. Ukichelewa wiki mbili, unapalilia huku unapanda magugu ya sezoni B, msimu unaofuata.

Palilia asubuhi ya siku yenye jua. Parua juu juu, sentimita 2 au 3 zinatosha. Ukilima kwa kina unazipandisha mbegu za zamani zilizolala chini na kuzipa mwanga. Mimea ambayo haijachanua iache juu ya udongo ikauke. Iliyokwisha kuchanua iondoe, kwa kuwa mbegu huendelea kukomaa hata shina likiwa limeng'olewa. Kama mvua inanyesha, usiiache kabisa: itashika mizizi tena kufikia kesho yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa kundi hili: mvua za mwezi wa 9 zikianza, tengeneza kitanda kana kwamba unapanda leo, kisha usipande. Subiri siku 10 hadi 14. Magugu yataota kwa wingi. Yaparue yakiwa madogo kama uzi, bila kugeuza udongo, ndipo upande. Wengi huona ni kupoteza wiki mbili za mvua. Mimi naona ni kupata palizi moja bure.

Kongwe na nyasi za kutambaa

Kongwe (Commelina benghalensis), yenye maua ya buluu ya asubuhi, ina ujanja ambao watu wachache wanaujua: mbali na maua ya juu, hutoa maua mengine chini ya udongo, kwenye vijishina vyeupe, nayo hutoa mbegu bila kuona mwanga. Ndiyo maana kuikata juu hakutoshi. Ing'oe nzima ardhi ikiwa laini, kusanya kila kipande, itandaze juu ya bati au jiwe hadi ikauke kabisa. Ikibaki udongoni, pingili moja ni mmea mpya. Sungura na dende (simbilisi) huipenda. Wape majani, lakini vile vijishina vyeupe vya chini choma.

Nyasi za kutambaa, kama ile Digitaria ambayo Kenya huitwa sangari, dawa yake ni kiangazi. Mwezi wa 6 hadi wa 8, mvua ikikatika, chimba kwa jembe lenye meno ili mashina yatoke marefu bila kukatwakatwa. Yatandaze juani. Rudia baada ya wiki 2 au 3, mara tatu kabla ya mvua. Ukilima nyasi hii mwezi wa 10 kwa jembe la kawaida, unatengeneza vipandikizi.

Ndago haipendi kivuli. Palilia kila baada ya wiki 2 hadi 3 ili kiazi kichoke kwa kuchipua bila kupata chakula, kisha funika sehemu hiyo kwa matembele mazito. Itapungua sana, ingawa viazi vya chini vinaweza kungoja muda mrefu.

Gugu la vitunguu

Sasa nirudi kwa Oxalis latifolia, maana hili ndilo lililonifundisha na ndilo ninaloulizwa zaidi. Asili yake ni Amerika ya joto, na lilienea duniani sana kwa kuwa watu walilipenda kama ua la bustani. Kwa kawaida huku halitegemei mbegu. Linategemea vitunguu, na vingi viko kwenye sentimita 20 za juu. Chini ya kitunguu kikubwa mara nyingi utaona mzizi mnene, mweupe, unaopitisha mwanga kama karoti ya kioo. Huo hujikunja na kukivuta kitunguu chini zaidi, na ndiyo sababu hukuti kila kitu ulipofikiri.

Kitunguu kinapochipua kinatumia akiba yake. Kuna kipindi kifupi, mmea ukiwa na majani machache tu na haujachanua, ambapo kitunguu cha zamani kimechoka na vipya bado havijaundwa. Hapo ndipo pa kupiga. Ukisubiri maua ya waridi, watoto wameshazaliwa.

Fanya hivi. Gawa bustani vipande vidogo. Kitanda cha mita 2 kwa 3 kilinichukua asubuhi nzima, na ni bora kimoja kilichoisha kuliko vitano vilivyoguswa. Anza juu ya mteremko ushuke. Piga jembe lenye meno pembeni ya mmea, si juu yake, nyanyua bonge, livunje kwa mikono juu ya gunia lililotandazwa ili kinachodondoka kisirudi ardhini. Vitunguu viende kwenye kopo, majani pembeni, udongo urudi. Kwa kitanda kilichoshambuliwa sana, chekecha udongo wa juu kwa wavu wa dirisha au chekecheke ya mchanga. Ni kazi ya kuumiza mgongo. Ifanye udongo ukiwa umekauka kiasi. Ukiwa na tope vitunguu hujificha ndani ya mabonge.

Rudia kila machipukizi mapya yanapofikia majani mawili au matatu. Kwenye vitanda vyangu mzunguko ulikuwa wiki 3 hivi wakati wa mvua. Usiache hata mara moja kwa sababu ya msiba, safari au uchovu bila kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, kwani mzunguko mmoja ukipita, vitunguu vimejijaza upya. Tegemea sezoni mbili hadi tatu.

Mahali ambapo huhitaji kupanda kwa muda, funika kwa shitingi nene isiyopitisha mwanga, zika kingo zake, weka mawe. Plastiki ya uwazi ya kupika udongo kwa jua, inayosifiwa katika nchi za bondeni, hapa kwetu haifanyi kazi kwa nguvu ileile: Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, vilima viko juu zaidi, na udongo haufikii joto hilo. Giza la miezi kadhaa ni bora. Chungulia kila mwezi, na vichipukizi vyeupe utakavyovikuta uving'oe.

Vitunguu ulivyokusanya usivitie kwenye lundo la mboji. Vitie ndani ya bido kuukuu iliyojaa maji, funga kifuniko mbu wasizaliane, acha miezi miwili au zaidi vioze kabisa. Au vikaushe juu ya bati kisha uvichome kwenye makaa. Majani, mbuzi na sungura wanaweza kula kidogo, lakini yana asidi ya oksaliki, yasiwe chakula chao cha kila siku.

Kuhusu dawa

Nitasema wazi: kwa bustani ya nyumbani yenye mboga, mimi siwashauri. Glifosati huua karibu kila kijani inachokigusa, na upepo wa jioni unaotoka ziwani hauchagui kati ya gugu na sombe. Kwenye Oxalis mara nyingi huchoma majani, vitunguu vikabaki hai. Dawa ya 2,4-D haidhuru nyasi lakini huharibu nyanya na maharagi hata kwa mvuke mdogo. Parakwati, iliyopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007, haina dawa ya kuokoa aliyeimeza.

Usinunue kamwe dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda bila karatasi yake ya maelezo. Hujui ni nini, hujui kipimo, na mtoto akiiona atainywa. Kama una nyasi sugu mahali pasipo na mboga na umeamua kutumia, nunua kopo lililofungwa lenye maelezo, fuata kipimo, vaa buti na glavu, chagua asubuhi tulivu isiyo na dalili ya mvua, na paka majani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti badala ya kunyunyiza. Usisuuze vifaa kwenye mfereji. Mifereji mingi ya Bukavu inashuka ziwani, na wako watu wanaochota humo.

Chumvi na mazuti pia watu huzitumia. Chumvi huharibu udongo kuliko inavyolidhuru gugu, na mazuti yanabaki pale muda mrefu mboga yako ikikataa kuota.

Kupalilia bila kuupoteza udongo

Hili naliwekea mkazo kwa sababu ya mji wetu. Kilima kilichopaliliwa kikawa cheupe, mvua ya saa moja inatosha kukishusha. Wote tunajua mmomonyoko umefanya nini Bagira, Kadutu na Panzi; nyumba zimekwenda. Ukipalilia mteremko, usiache udongo uchi hata usiku mmoja wakati wa mvua. Palilia mstari mmoja, ruka mmoja, rudi baada ya siku chache. Magugu yasiyo na mbegu wala vitunguu yapange kwa mstari wa kukinga mteremko, kama kizuizi kidogo. Juu ya vitanda tandaza majani makavu au majani ya Tithonia, ile alizeti mwitu ya kandokando ya barabara, unene wa vidole vinne. Ikate kabla haijatoa mbegu, chukua majani, uache mashina, kwa kuwa mashina mabichi hushika mizizi. Matandazo hayo yanazima mbegu, yanashika maji, na yakioza ni mbolea nzuri.

Ukingo wa juu wa parsele chimba mtaro mfupi, kina cha mkono mmoja, upande setaria au nyasi nyingine ya kushika udongo juu yake. Mtaro huo utapokea maji ya jirani wa juu pamoja na mbegu zake. Baada ya kila mvua kubwa, kagua matope yake kabla hujayarudisha kitandani. Na uzungumze na jirani huyo, kwa upole, ukiwa na mmea mkononi umwonyeshe vitunguu. Usimpelekee lawama. Yeye pia hajui, na aliye chini yako anapokea yako.

Milango ya kuingilia

Mbolea ya ng'ombe usiimwage ikiwa mbichi. Irundike, inyunyizie maji, ipindue kila wiki 2. Katikati ya lundo inapochemka hadi kushindwa kushikika, mbegu nyingi hufa, lakini pembeni hubaki hai, na ndiyo sababu ya kupindua. Kabla ya kununua magunia mengi, nunua moja, jaza kopo, mwagilia, usubiri wiki 3. Chochote kitakachoota humo ndicho ungekipanda bustanini. Mimi sasa sinunui bila jaribio hilo, hata muuzaji aseme nini.

Miche ya shu, poaro na nyanya ikague mizizi yake kabla ya kulipa. Ukiona vitunguu vidogo au nyuzi nyeupe nene, rudisha. Jembe la kuazima lioshe linapoingia na linapotoka.

Andika kwenye daftari tarehe ya kila mzunguko na idadi ya vitunguu ulivyotoa kwenye kila kitanda. Macho husahau, nawe utakata tamaa ukifikiri hakuna kilichobadilika, wakati hesabu inashuka. Mvua za kwanza za mwezi wa 9 zikinyesha, hesabu siku 10, kisha pita na kopo mkononi kila asubuhi kwa wiki mbili, hasa penye ua, chini ya migomba na kando ya mtaro, ambako jembe halikufika. Mwaka huu mimi nilikuta mimea 6 tu, yote chini ya mgomba mmoja, na mama yule wa Kabare ndiye aliyeiona kwanza.